Pacha wa Jua na Mashuka ya Bibi

Shangazi yangu ni fundi miwani, na kama umewahi kumpelekea kazi ukitaka uipate upesi, unajua nitakachosema. Hupati upesi. Atakukalisha kwenye kiti cha plastiki, akukodolee macho kama anayekudai jibu, akupime kutoka mboni hadi mboni, aandike, afute miwani yake mwenyewe kwa pindo la koti, halafu akupime tena. Ukidhani yamekwisha, anakupima mara ya tatu. Kuna dereva wa lori aliyewahi kumwambia, "Mama, macho yangu hayajahama tangu uyapime dakika mbili zilizopita." Shangazi akamjibu bila kuinua kichwa, "Macho yako nayaamini. Mkono wangu ndio siuamini." Dereva alinywea, akapimwa. Leo ni mwaka wa kumi na tano analeta miwani yake pale pale. Amemleta na mkewe, na mama mkwe wake pia, ingawa huyo wa mwisho analalamika kwamba sasa anamwona mkwewe vizuri kupita kiasi.

Duka lenyewe ni chumba kimoja kilichogawanywa na pazia. Mbele kuna kioo cha kujitazamia, kabati la fremu na ubao wa herufi ukutani. Nyuma kuna jiwe la kusagia lenzi, linalozunguka huku likidondoshewa maji ili lenzi isishike moto. Sauti yake imenikaa masikioni tangu utotoni, hata leo nikisikia bomba linavuja nahisi kuna mtu anatengenezewa miwani. Juu ya jiwe hilo shangazi ameandika kwa chaki maneno mawili: PIMA TENA. Chaki ikififia, anaandika upya. Mafundi wawili waliojifunza kwake wamefungua maduka yao, na nimesikia kwamba huko nako ukutani kuna chaki.

Namsifu shangazi yangu na sioni haya kusema hivyo. Lakini nataka kusimulia siku ambayo hakupima tena, kwa sababu bila siku hiyo ningekuwa nawasimulia nusu ya mtu.

Tuliishi, na bado tunaishi, nyumba moja ya ghorofa. Chini ni baba, mama na mimi, na wakati ule alikuwepo bibi, aliyemzaa baba na shangazi. Juu ni chumba cha shangazi. Aliolewa, akafiwa na mume mapema, akarudi kwa kaka yake na masanduku mawili, moja la nguo na moja la vioo. Juu ya chumba chake ni paa la saruji lenye tangi la maji, kamba za kuanikia nguo, na darubini.

Darubini hiyo aliiunda kwa mikono yake. Kioo chake, kipana kama sinia, alikisugua miezi kumi na moja, kila jioni akitoka dukani. Anasugua, anapiga hatua moja kuizunguka meza, anasugua tena. Baba alisema dada yake amepata wazimu wa upole, akatushauri tumwache. Baadaye shangazi akapata kamera iliyokwisha kutumika, akaifunga mahali ambapo mtu angeweka jicho, na chini akaweka mota ndogo ya kuigeuza darubini taratibu ifuate nyota inavyokwenda. Usiku anaielekeza, anaiwasha, kisha anashuka kulala, maana asubuhi kuna watu wanasubiri miwani. Kamera inapiga picha yenyewe mpaka kunakucha.

Wenye darubini wengi huhangaika na mwezi leo, kesho kimondo. Shangazi alikuwa na nyota moja tu. Haina jina, ina namba ndefu kama ya simu ya nje, na kwa macho matupu huioni. Yeye aliiita Pacha, kwa sababu ni jamii moja na jua letu: rangi ile ile, ukubwa karibu ule ule, umri wa kukaribiana. Ila iko mbali sana. Mwanga wake husafiri miaka themanini na ushee kabla ya kutufikia, yaani umri wa bibi, mwaka zaidi mwaka pungufu.

"Jua letu lina watoto," aliniambia siku moja, akimaanisha sayari. "Kwa nini pacha wake awe tasa?"

"Sasa huyo mtoto utamwonaje, shangazi, na mama yake mwenyewe haonekani?"

"Simwoni. Nampima mama yake."

Akanieleza, tukiwa tumekaa kwenye ngazi. Sayari ya mbali namna ile imemezwa na mwanga wa nyota yake, hakuna wa kuiona. Unachoweza ni kupima mwanga wa nyota, usiku baada ya usiku. Siku sayari ikipita mbele yake, mwanga unapungua kidogo. Katika kila chembe mia za mwanga, moja inakosekana. Na kwa kuwa hewa yetu ina vumbi na unyevu, nayo inaweza kukudanganya, ni lazima upime pia nyota za jirani zilizo kwenye picha hiyo hiyo. Zikipungua zote kwa pamoja, kasoro iko huku kwetu. Akipungua Pacha peke yake, majirani zake wakabaki walivyo, hapo una habari. Kazi ya kupima majirani aliifanya kila Jumapili, mezani kwake, mlango umefungwa.

Kisha aliandika kwenye daftari. Kila usiku ulikuwa na mstari wake: tarehe, saa, hali ya hewa, matokeo. Matokeo yenyewe yalikuwa hayo hayo. Hakuna kitu. Hakuna kitu. Mawingu. Hakuna kitu. Wakati huo alikuwa ameandika hivyo kwa miaka minne. Mimi ningekufa moyo wiki ya pili.

Mwaka huo bibi alipatwa na kiharusi. Alilala chumba cha nyuma kwa miezi mitano, na aliyemuuguza ni mama yangu, mkwe wake. Sitaki nimwonee shangazi: alikuja asubuhi kabla ya duka na jioni baada ya duka, akamlisha, akamchana nywele, akamsimulia habari za wateja mpaka bibi akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Lakini usiku, na usiku ndio mrefu kwa mgonjwa, ulikuwa wa mama. Alimgeuza, akampa dawa, akambadilisha mashuka na kuyafua saa hiyo hiyo, kwa sababu mashuka tuliyokuwa nayo hayakutosha kungoja. Mama alikonda mpaka baba, ambaye haoni kitu mpaka ajikwae nacho, akaona.

Asubuhi moja, saa kumi na mbili, shangazi alipanda paani kuifunika darubini. Akatupia jicho namba za Pacha kwenye kompyuta. Tangu saa sita na dakika kumi za usiku mwanga ulikuwa umeshuka. Kidogo tu, chembe moja kwa mia, na haukupanda tena mpaka kulipokucha. Miaka minne alikuwa akiingoja namba hiyo. Akageuka kuitazama darubini, na maji yakamdondokea utosini. Mashuka manne yalikuwa yamejaa kambani, na pembe ya moja ilikuwa ikipepea karibu kabisa na mdomo wa darubini.

Mimi nilikuwa jikoni nabandika maji ya chai. Nilimsikia akishuka ngazi mbili mbili, miguu mitupu.

"Wifi, ni wewe uliyeanika juu?"

"Ni mimi," mama alisema. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, macho mekundu, hajapata hata lepe la usingizi.

"Miaka minne nangoja usiku kama ule, wewe umekuja kuniziba kwa mashuka! Hayakuweza kungoja jua litoke?"

"Mashuka ni ya mama yako, wifi."

Hapo ndipo shangazi alipotamka maneno ambayo nadhani angetoa kidole chake ayarudishe. "Mama yangu hakukutuma uyaanike mbele ya darubini yangu."

Mama aliinuka, akapanda paani, akaanua mashuka yakiwa bado mabichi, akashuka nayo mikononi. Shangazi naye alikwenda kwenye daftari lake akaandika kwa kalamu nyekundu, na mstari huo nimeusoma kwa macho yangu: Umeharibika. Mashuka ya wifi. Jumapili ilipofika, hakupima nyota za jirani za usiku huo. Apime ya nini? Hukumu ilikuwa imeshatolewa.

Siku ya kumi na tisa baada ya hapo, bibi alifariki.

Watu walidhani msiba utawapatanisha. Mawifi hao walilia, mmoja kona hii, mwingine kona ile, na tulipomaliza kuzika kila mmoja akarudi kwenye kimya chake. Ugomvi wao haukuwa na kelele. Ulikuwa wa adabu, na heri wangetukanana. Asubuhi walisalimiana kwa mapana na marefu, hujambo sijambo, umeamkaje, halafu mengine yote yalipitia kwangu.

"Posta, mwambie shangazi yako tangi halina maji," mama angesema, shangazi akiwa amesimama hatua tatu kutoka pale.

"Mwambie mama yako nimesikia."

Walianza kuniita Posta wakati huo, na nilipokuja kuajiriwa posta kweli, kama karani, baba alisema hiyo si ajira mpya, ni uhamisho.

Mama hakupanda paani tena. Alianika nguo kwenye ujia ulio kati ya nyumba yetu na ukuta wa jirani, mahali ambapo jua huchungulia dakika chache likaenda zake. Kwa miaka saba nguo za nyumba ile zilinuka ubichi. Baba alikwenda kazini akinuka kama gunia lililonyeshewa, na hakuthubutu kusema, kwa kuwa kusema kungemlazimu kuchagua upande. Na macho ya mama yalipoanza kuchoka, yeye mwenye wifi fundi miwani ndani ya nyumba, alikwenda kupimwa upande wa pili wa mji na kurudi na miwani iliyomteremka mpaka ncha ya pua. Shangazi aliitazama miwani hiyo kila asubuhi jinsi mwashi anavyotazama ukuta uliojengwa upogo. Vidole vilimwasha, akaenda zake dukani.

Niliwahi kuwajaribu wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake.

"Maneno yalikuwa makali, nakubali," shangazi aliniambia. "Lakini mashuka yaliziba. Hilo siwezi kulifuta."

Mama yeye alisema kwa ufupi zaidi. "Hakuniuliza kitu, mwanangu. Alikuja na jibu lake mkononi."

Na kila usiku usio na mawingu, darubini iliendelea kumtazama Pacha. Hakuna kitu. Hakuna kitu.

Mwezi uliopita nilirudi kutoka kazini jioni, nikasikia shangazi akiniita juu. Nilimkuta ameketi mbele ya kompyuta, mikono mapajani, viatu vya kazi bado miguuni. Kulikuwa na ujumbe kutoka kituo cha kutazama nyota cha chuo kikuu kimoja cha mbali, ambacho hukusanya kumbukumbu za watu wenye darubini zao nyumbani. Chombo chao kikubwa kilikuwa kimeona mwanga wa Pacha ukishuka, chembe moja kwa mia, usiku ambao kwetu kulikuwa na mawingu. Walidhani ni sayari kubwa, inayozunguka mbali na nyota yake, kwa hiyo ikishapita inachukua miaka kurudi. Lakini kuona mara moja hakutoshi. Je, kuna yeyote aliyewahi kuona mwanga huo ukishuka zamani? Waliomba hata zile kumbukumbu ambazo mtu alizihesabu kuwa zimeharibika.

"Umewatumia?" nikamwuliza.

"Nimepima majirani kwanza," alisema. "Nyota za jirani, za usiku ule wa mashuka. Picha ninazo, sijawahi kutupa hata moja. Nimepima mara tatu."

"Na?"

"Hazikushuka, Posta. Hata moja. Ni Pacha peke yake."

Nikauliza, "Shuka haliwezi kuziba nyota moja likaziacha zilizo pembeni yake?"

"Haliwezi. Shuka likiziba, linaziba zote." Akajishika utosi, pale pale maji yalipomdondokea siku ile. "Halafu tazama. Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi na yalikuwa bado yanadondosha maji. Shuka lililoanikwa kabla ya saa sita usiku, kwenye upepo wa paani, lingekuwa bado linadondosha maji?"

"Lingekuwa limekauka."

"Mtoto wa chekechea angejua. Ushahidi ulinidondokea kichwani, mimi nikaupangusa kwa kiganja."

Alilia. Sikuwa nimemwona akilia tangu msiba wa bibi. Jambo alilolitafuta miaka kumi na moja na aibu aliyoibeba miaka saba bila kuijua vilimfikia jioni moja, na mimi sikujua nimpe hongera au nimpe pole. Nikampa zote mbili.

Kisha nikampa na ushauri, na sijivunii. Nilimwambia atume picha tu. Nani atauliza habari za daftari? Mstari mwekundu ubaki kabatini, na mama tutamweleza polepole, siku nyingine, kwa maneno laini. Shangazi alinitazama kama anavyomtazama mteja anayetaka lenzi bila kupimwa.

"Wanataka daftari kama lilivyo," alisema. "Na wameandika hapa, soma: kama usiku una alama ya kuharibika, eleza sababu na saa. Mimi niliandika mashuka kwa mkono wangu. Nikisema sasa kwamba mashuka hayakuwepo saa ile, wataniuliza nimejuaje. Hesabu ya majirani ni hesabu yangu mimi yule yule niliyekosea. Saa ya mashuka anaijua mtu mmoja tu, na yuko chini."

Hapo nikaelewa alichokuwa anakiogopa. Miaka kumi na moja ya kazi yake ilikuwa sasa mikononi mwa mtu ambaye yeye mwenyewe alimnyamazisha kwa neno moja na hajamwomba radhi. Mama angeweza kusema sikumbuki. Angeweza kunyamaza, na angekuwa na haki yake kamili, na usiku ule mmoja uliokuwa na maana ungebaki na doa milele.

Shangazi aliosha uso, akabadilisha viatu, akapiga moyo konde. Mimi nikatangulia kwenye ngazi kwa mazoea, kama mpeleka barua. Akanishika bega na kunirudisha nyuma yake.

Mama alikuwa sebuleni anakunja nguo, baba yuko kitini na gazeti. Shangazi hakukaa kwenye kochi. Alivuta kigoda kile kile cha jikoni, akakaa chini ya usawa wa mama.

"Wifi."

Mama aliinua uso. Gazeti la baba likashuka kidogo.

"Kuna swali nilipaswa kukuuliza miaka saba iliyopita," shangazi alisema. "Sikukuuliza. Naomba nikuulize leo, na ukikataa kunijibu sitakulaumu."

"Uliza."

"Yale mashuka uliyaanika saa ngapi?"

Mama alimtazama, shati la baba likiwa limekunjwa nusu mikononi mwake. Kisha akaliweka kando, akainuka, akaingia chumbani na kurudisha mlango. Nilijua yamekwisha. Shangazi aliinamisha kichwa. Baba alikohoa.

Tulisikia kabati likifunguliwa. Mama akarudi na daftari la shule, jalada la bluu, pembe zimekunjamana.

"Nesi aliniambia niandike," alisema. "Dawa saa ngapi, kageuzwa saa ngapi, kala nini. Niliandika kila usiku mpaka ule wa mwisho." Akaliweka mapajani kwa shangazi. "Tafuta mwenyewe. Mimi hii miwani yangu hainisaidii."

Kumbe usiku ule ule mmoja uliandikwa na watu wawili, mmoja paani na mmoja chini, na madaftari yao yalilala miaka saba nyumba moja bila kukutana. Shangazi aliitafuta tarehe. Kidole kikashuka mpaka chini ya ukurasa, akasoma kwa sauti: "Saa kumi: amejilowesha, nimembadilisha. Saa kumi na moja kasorobo: nimemaliza kufua, nimeanika juu."

Saa kumi na moja kasorobo alfajiri. Pacha alikuwa amefifia tangu saa sita na dakika kumi.

"Hayakuwa mashuka yako, wifi," shangazi alisema. "Ilikuwa sayari. Sayari ilikuwa inapita, mimi nikakubebesha wewe. Ulikuwa unamfulia mama yangu alfajiri, mimi nikakutolea maneno yale. Nisamehe. Sikupima, na sikuuliza."

Mama aliketi taratibu. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Ngoja kwanza," baba alisema kutoka nyuma ya gazeti. "Kwa hiyo miaka saba nimenuka ubichi kwa sababu ya sayari?"

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni mama. Alicheka mpaka miwani ikamdondoka puani, na shangazi akaidaka hewani, akaigeuza, akaitazama mikono ya fremu iliyopinda, akasema kwa uchungu wa kweli, "Wifi, huyu mtu alikupima au alikukisia?"

Kurasa zote mbili zilipigwa picha na kutumwa, ya shangazi pamoja na wino wake mwekundu, na ya mama pamoja na dawa na mashuka. Shangazi hakuficha neno. Aliandika kwamba alimshuku mtu asiye na hatia na hakupima inavyopaswa, na kwamba shahidi wa saa ni wifi yake. Kituo kilijibu baada ya wiki mbili. Usiku ule umekubaliwa. Wametumia pia yale mamia ya mistari ya Hakuna kitu, kwa sababu ndiyo yaliyowaonyesha kwamba sayari haikupita katikati hapo. Inamaliza mzunguko mmoja kwa miaka saba kasoro siku chache. Mtaalamu aliyeandika aliomba apewe salamu mwenye daftari la pili. Nimewaambia mawifi wale kwamba kwa kalenda ya kule wamenuniana mwaka mmoja tu, wasijione wakubwa.

Mama ana miwani mpya. Alipimwa mara tatu, akalalamika mara nne. Nguo zimerudi paani, ila usiku wenye nyota kamba zinabaki tupu, na ni mama mwenyewe anayezikagua kabla ya kulala. Na duka la shangazi sasa lina mstari wa pili wa chaki chini ya PIMA TENA. Umeandikwa ULIZA.

Lakini nimeruka kitu kimoja makusudi. Jioni ile, tulipokwisha kucheka, mama alimwambia shangazi asilifunge daftari.

"Umesoma mashuka tu. Rudi juu, saa sita na robo. Siku ile nilitaka nikupe usome asubuhi ile ile. Nilikuwa nimekaa pale jikoni nakungoja uamke."

Saa sita na robo. Dakika tano baada ya mwanga wa Pacha kushuka. Shangazi alipandisha kidole mstari kwa mstari, akafika, na safari hii alisoma kimya. Mimi nilisimama nyuma ya bega lake nikausoma pamoja naye, mwandiko wa mama ukiwa umepinda kwa usingizi:

Saa sita na robo: ameamka. Anamuulizia binti yake. Nimesema yuko juu na nyota yake, niende nimwite? Amesema, mwache aitazame.

Shangazi aliusoma mstari ule. Akausoma tena. Kisha akausoma mara ya tatu.